Ala Mbili Zisipoelewana: Mawasiliano baina ya Ala za Upimaji wa Ardhi na Vikusanya Data

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yaiafiki sana taaluma ya upimaji wa ardhi, taaluma ambayo kosa dogo la asubuhi moja laweza kuzaa kesi ya miaka mingi mahakamani. Nchini Kenya ardhi ni urithi, ni dhamana ya mkopo, na aghalabu ni chanzo cha uhasama baina ya ndugu wa toka nitoke. Mwananchi humtegemea mpima ardhi amwonyeshe mpaka wake unapoanzia na unapokomea. Hata hivyo, mpima ardhi wa leo hategemei kalamu na daftari kama alivyofanya mtangulizi wake. Pembe na umbali husomwa na ala ya kielektroniki, kisha matokeo hupitishwa hadi kwenye kifaa kidogo cha mkononi kinachoyahifadhi. Baina ya vifaa hivyo viwili pana njia. Njia hiyo ikiziba, kazi ya siku nzima husimama. Ikipotoka, kazi huendelea, ila matokeo yake huwa ya uongo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mawasiliano hayo yanavyofanyika, sababu zinazoyafanya yakatike au yapotoke, na utaratibu wa kutafuta chanzo cha hitilafu. Msomaji huenda akajiuliza: suala hili la mafundi lina uhusiano gani na taaluma ya lugha? Uhusiano upo, tena wa karibu. Mnamo mwaka wa 1960, mwanaisimu Roman Jakobson alichapisha maelezo yake mashuhuri kuhusu vipengele sita vya tendo la mawasiliano, yaani mtoaji, mpokeaji, ujumbe, muktadha, msimbo na mguso. Mwaka uo huo, muungano wa viwanda vya elektroniki vya Marekani ulitoa kiwango kinachojulikana kama RS-232, kinachoeleza namna kifaa kimoja kinavyoweza kupelekea kingine maandishi kupitia waya. Kiwango hicho, baada ya marekebisho kadhaa, kingali kinatumika katika ala nyingi za upimaji. Nyanja hizi mbili ziko mbalimbali, lakini zilikabili swali moja: ni nini kinachohitajika ili kinachosemwa upande mmoja kifike na kieleweke upande wa pili? Vipengele vitatu vya Jakobson, yaani mguso, msimbo na muktadha, ndivyo vitakavyotumika kuwa dira ya mjadala huu.

Ala zinazohusika

Ala ya kwanza ni ile iitwayo totali stesheni. Ala hii husimamishwa juu ya miguu mitatu na kulengwa kwenye prizimu, yaani kioo maalumu kinachorudisha mwanga kulikotoka, ambacho hushikiliwa na msaidizi juu ya fimbo. Ala hutuma mwanga, hupokea unaorudi, na kutokana nao hukokotoa umbali. Papo hapo husoma pembe ya mlalo na pembe ya wima. Zamani kazi hizi zilitenganishwa. Pembe zilisomwa kwa theodolaiti na umbali ukapimwa kwa mnyororo au utepe. Mwaka wa 1957, ala ya Tellurometer, iliyobuniwa na Trevor Wadley wa Afrika Kusini, ilianza kupima umbali mrefu kwa mawimbi ya redio. Kufikia mwaka wa 1977, kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa imetoa ala ya HP 3820A iliyopima pembe na umbali kwa pamoja.

Ala ya pili ni kipokezi cha setilaiti, ambacho hupokea mawimbi ya mifumo kama vile GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina.

Mpokeaji katika mazungumzo haya ni kikusanya data cha mkononi, ambacho wapimaji wengi hukiita kontrola. Katika miaka ya 1990, vikokotoo vya aina ya HP 48 vilitumiwa sana kwa kazi hii. Leo hii hutumiwa vifaa maalumu visivyoingiwa na maji wala vumbi, na vilevile simu na tableti za kawaida zenye programu za upimaji.

Mguso: je, njia iko wazi?

Kwa Jakobson, mguso ni ile njia inayomfikisha mtoaji kwa mpokeaji. Mtu anayesema "halo, wanipata?" kwenye simu hapashi habari yoyote, anajaribu njia tu. Hatua ya kwanza ya kutatua tatizo la ala ni iyo hiyo.

Katika mawasiliano ya kebo, nyaya tatu zatosha: mmoja wa kutumia, mmoja wa kupokelea, na mmoja wa pamoja ambao pande zote mbili huutegemea kuwa sifuri ya kipimo cha umeme. Kwa mujibu wa RS-232, volti baina ya hasi 3 na hasi 15 humaanisha biti 1, nazo volti baina ya chanya 3 na chanya 15 humaanisha biti 0. Sehemu iliyo katikati haina maana yoyote. Kwa hivyo, pini iliyoshika kutu, waya uliokatika ndani ya mpira kwa kukunjwakunjwa, au betri iliyokaribia kuisha yaweza kuishusha ishara hadi katika eneo hilo lisilo na maana, ijapokuwa kebo yaonekana nzima kwa macho.

Kosa jingine la mguso ni kutumia kebo isiyofaa. Mdomo wa mmoja sharti uelekee sikio la mwingine. Waya wa kutumia wa ala haupaswi kuishia kwenye waya wa kutumia wa kontrola, bali kwenye ule wa kupokelea. Zipo kebo zinazovusha nyaya hizi na zipo zinazozipeleka moja kwa moja, na kwa nje zaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Aidha, watengenezaji wengi hutumia plagi za mviringo zenye mpangilio wao wenyewe wa pini, hivyo plagi kuingia kwenye tundu si thibitisho kwamba kebo ndiyo.

Jaribio rahisi la kutambua upande wenye hitilafu ni kukifanya kifaa kijisikilize. Kwenye plagi ya kawaida ya pini 9 upande wa tarakilishi au kontrola, pini ya 2 hupokea na pini ya 3 hutuma. Pini hizo zikiunganishwa kwa kipande cha waya mwishoni mwa kebo ya moja kwa moja, kisha herufi zikaandikwa katika programu ya kutazamia data, herufi hizo zapaswa kurudi na kuonekana. Zikirudi, mlango wa kontrola na kebo ni vizima, na hitilafu itafutwe kwenye ala. Zisiporudi, hakuna haja ya kuifungua ala.

Fauka ya hayo, vifaa vingi vya sasa havina mlango wa aina hii, hivyo hutumia kigeuzi cha USB. Kigeuzi nacho huhitaji programu yake ya kukiendesha, na tarakilishi hukipa nambari ya mlango. Nambari hiyo yaweza kubadilika kigeuzi kinapochomekwa kwenye tundu jingine. Programu ya upimaji iliyoambiwa isikilize mlango wa 4 haitasikia lolote iwapo ala sasa iko kwenye mlango wa 6.

Msimbo: je, wanasema lugha moja?

Njia yaweza kuwa wazi, ila wanaozungumza wakawa hawaelewani. Dalili hutofautiana. Kimya kitupu aghalabu ni tatizo la mguso. Herufi za ajabuajabu kwenye kioo ni tatizo la msimbo, na kwa kweli ni habari njema, maana zathibitisha kwamba njia ipo.

Kigezo cha kwanza cha msimbo ni kasi. Kasi za kawaida ni 1200, 2400, 4800, 9600, 19200, 38400 na 115200 kwa sekunde. Katika mpangilio wa kawaida, kila herufi hubebwa na biti 10: moja ya kuanzia, 8 za data na moja ya kumalizia. Hivyo basi, kasi ya 9600 hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Mtoaji akisema kwa kasi ya 9600 ilhali mpokeaji asikiliza kwa kasi ya 4800, mpokeaji huzikata biti mahali pasipofaa, sawa na msikilizaji anayekata silabi za lugha asiyoijua.

Kigezo cha pili ni idadi ya biti za data na ukaguzi wa shufwa au witiri. Ala nyingi za zamani hutuma biti 7 za data na kuongeza biti moja ya ukaguzi, ambayo huifanya jumla ya moja zote iwe shufwa. Mpokeaji aliyepangwa kusoma biti 8 bila ukaguzi huichukua biti hiyo ya ziada kuwa sehemu ya herufi. Matokeo yake ni ya kupotosha sana. Katika msimbo wa ASCII, tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zina moja ambazo idadi yake tayari ni shufwa. Biti ya ukaguzi ya tarakimu hizi huwa 0, nazo hufika salama. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 zina moja ambazo idadi yake ni witiri. Biti yake ya ukaguzi huwa 1, nazo hugeuka kuwa alama zisizosomeka. Mpimaji anayeona nusu ya tarakimu zikifika na nusu zikiharibika anaweza kudhani kwamba kebo imelegea, akaihangaikia saa nzima. Akizitazama vyema tarakimu zinazofika, atajua kwamba kebo haina lawama yoyote.

Kigezo cha tatu ni alama za kumaliza sentensi. Baadhi ya ala hufunga kila mstari kwa herufi nambari 13 pekee, na nyingine kwa 13 ikifuatwa na 10. Kontrola inayoingojea 10 isiyokuja itangoja hadi muda uishe, kisha itatangaza kwamba ala haijibu, ilhali ala imekwisha kujibu zamani. Vilevile, ziko ala zinazodai kupokewa kwa kila ujumbe kuthibitishwe kwa herufi nambari 6. Zisipoitikiwa, hurudia ujumbe uleule au hunyamaza, mithili ya mzee anayebisha hodi na kukosa karibu.

Juu ya haya yote pana kile kinachoweza kuitwa lahaja. Watengenezaji wana miundo yao ya kupanga data. Leica, kwa mfano, ina muundo wa GSI ulio na namna mbili, ya herufi 8 na ya herufi 16. Vipokezi vya setilaiti navyo hutumia sana kiwango cha NMEA 0183, ambacho sentensi zake huanza kwa alama ya dola na kumalizikia kwa kinyota kinachofuatwa na jumla ya ukaguzi. Ndiyo maana programu ya kontrola humtaka mtumiaji achague jina na toleo la ala. Kuchagua toleo la jirani kwa kuwa linafanana ni kumkabidhi msemaji wa Kimvita mswada wa Kiamu na kudai ausome bila kukwama. Mengi yataeleweka, lakini pale yatakapokwama ndipo penye jambo.

Mawasiliano yasiyo na waya

Ala nyingi za sasa huwasiliana kwa Bluetooth. Jina hili ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na nembo yake imeundwa kwa kuunganisha herufi mbili za maandishi ya kale ya Skandinavia zinazowakilisha herufi za mwanzo za jina na lakabu yake. Teknolojia hii hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Vifaa vya daraja la pili hufikia takriban mita 10, na vya daraja la kwanza takriban mita 100 mahali palipo wazi. Mwili wa binadamu na majani mabichi, kwa kuwa vina maji, huyafifisha mawimbi haya. Kwa sababu hiyo, kuna mawasiliano yanayokatika kila mara mpimaji anapoipa ala kisogo.

Hapa pana tofauti ambayo istilahi isiyo makini huificha. Kuoanisha vifaa ni kuvijulisha, navyo hujulishwa mara moja tu kwa nambari ya siri, ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234. Kuunganisha ni kuanzisha mazungumzo, na hufanyika kila siku ya kazi. Kontrola yaweza kuonyesha kwamba ala imeoanishwa na bado pasiwe na mazungumzo yoyote. Isitoshe, ala nyingi huzungumza na kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, hivyo simu iliyotumiwa jana na kuachwa garini ikiwa imewashwa yaweza kuikalia ala bila mtu kujua. Dawa ya kwanza ni kuizima simu hiyo. Dawa ya pili ni kuufuta ujulishano katika pande zote mbili na kuanza upya, kwani kufuta upande mmoja tu huacha kumbukumbu ya zamani upande wa pili.

Kwa wanaotumia simu za Android kuna mtego mwingine. Kuanzia toleo la 6 la mwaka wa 2015 hadi toleo la 11, programu haiwezi kuvitafuta vifaa vya karibu bila kupewa ruhusa ya kujua mahali simu ilipo. Na kuanzia toleo la 12 la mwaka wa 2021, pameongezwa ruhusa mahususi ya vifaa vilivyo karibu. Mtumiaji aliyebonyeza "kataa" siku ya kwanza ataona orodha tupu, naye atailaumu ala bure.

Muktadha: je, kinachosemwa ndicho kinachoeleweka?

Hitilafu mbaya zaidi ni ile isiyopiga kelele. Njia i wazi, herufi zafika zote, kioo chaonyesha tarakimu safi, lakini maana iliyotumwa siyo iliyopokewa. Chukua mfano wa pembe. Ala nyingi huandika nyuzi 45, dakika 30 na sekunde 15 kwa kifupi kama 45.3015. Kontrola iliyopangwa kusoma desimali itaichukua kuwa nyuzi 45 na sehemu 3015 kati ya 10000 za nyuzi, ilhali thamani sahihi kwa desimali ni takriban 45.5042. Tofauti hiyo, kwa umbali wa mita 100, husogeza nukta kwa takriban sentimita 35 kando. Katika mtaa wenye ploti zilizosongamana, sentimita 35 ni ukuta mzima wa jirani.

Mifano mingine ni mingi. Duara hugawanywa kwa nyuzi 360 na baadhi ya ala, na kwa goni 400 na nyingine. Prizimu nyingi zina thamani ya kusahihisha ya hasi milimita 30. Ikiingizwa katika ala na pia katika kontrola, kila umbali utapungua kwa milimita 30 zaidi ya inavyopaswa, uwe ni mita 5 au mita 500. Ramani nyingi za zamani za Kenya ziliandikwa kwa futi, na futi moja ni mita 0.3048. Kwa upande wa setilaiti, vipokezi hutumia mfumo wa WGS 84, ilhali ramani nyingi za Kenya zimetegemea mfumo wa Arc 1960. Kuchanganya mifumo hii miwili huipeleka nukta mamia ya mita kutoka mahali pake.

Kinga ya makosa haya haimo katika kebo wala katika programu. Imo katika kupima kinachojulikana kabla ya kupima kisichojulikana. Mpimaji huanza kwa bikoni mbili ambazo umbali na mwelekeo wake tayari umo katika kumbukumbu rasmi. Kontrola ikitoa jibu lilelile, ala na kontrola zimeelewana. Ikitoa jingine, kazi isianze.

Utaratibu wa kutafuta chanzo

Kutokana na maelezo hayo, utaratibu ufuatao unapendekezwa, kila hatua ikifuata iliyotangulia.

Kwanza, betri za pande zote mbili zikaguliwe, kisha vifaa vyote viwili vizimwe na kuwashwa upya.

Pili, mguso ujaribiwe: kebo ibadilishwe kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima, jaribio la kujisikiliza lifanywe, nambari ya mlango ihakikishwe. Katika Bluetooth, ruhusa na vifaa vingine vilivyo karibu vikaguliwe.

Tatu, msimbo ulinganishwe: kasi, biti za data, ukaguzi, biti za kumalizia, alama za mwisho wa mstari, na jina la ala. Tarakimu hizi zisomwe kwenye menyu ya ala yenyewe, zisikisiwe.

Nne, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja. Anayebadilisha matatu kwa pamoja akafanikiwa hatajua lipi lilimponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Tano, mpangilio uliofanya kazi uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya sanduku la ala.

Sita, bikoni zinazojulikana zipimwe kabla ya nukta ya kwanza.

Lugha ya kazi na lugha ya maelekezo

Maelekezo ya ala hizi aghalabu huja kwa Kiingereza. Lakini uwandani, msaidizi anayeishika prizimu, kijana anayebeba sanduku na mwenye shamba anayetazama mara nyingi huzungumza Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba ujuzi wa kutatua hitilafu hubaki kwa mtu mmoja. Siku asipokuwapo, wenzake hubonyeza vitufe kwa kubahatisha. Mwenye shamba naye huiona mashine kuwa haikosei, asijue kwamba ana haki ya kuuliza: bikoni ipi imepimwa kwanza, na ilitoa jibu gani? Swali hilo moja, likiulizwa kwa lugha anayoimudu, laweza kumwepusha na kesi.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakamilika iwapo Kiswahili kitaishia kwenye hotuba na riwaya. Tofauti baina ya kuoanisha na kuunganisha, baina ya mlango na kebo, baina ya kimya na fujo la herufi, inaweza kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mradi wanaoijua lugha wakubali kuketi na wanaozijua ala.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba hitilafu za mawasiliano baina ya ala za upimaji na vikusanya data zina ngazi tatu. Ngazi ya mguso hujitambulisha kwa kimya, ngazi ya msimbo kwa herufi zisizosomeka, na ngazi ya muktadha haijitambulishi kamwe hadi itafutwe. Anayezifuata ngazi hizi kwa mpangilio huokoa muda wake na mpaka wa mwenziwe. Yapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa idara za upimaji katika vyuo vyao ili kuandaa vijitabu vifupi vya maelekezo ya ala zinazotumiwa humo, vijaribiwe uwandani na wasaidizi wenyewe, na istilahi zitakazowakwaza zirekebishwe kabla ya kupigwa chapa.